Siku Maji Yaliponikataa Ujiji

Chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa, na habari hii nimeificha miaka mingi, kiasi kwamba mke wangu akitaka kuianza mbele ya wageni huwa najifanya nimesikia mtu ananiita nje. Mimi Hamisi wa Mwandiga, Muha halisi, kidato cha nne nimemaliza na cheti ninacho kabatini, niliwahi kukaa nje ya msikiti kule Ujiji siku ya posa yangu mwenyewe, nimekunja kanzu mapajani, nasugua miguu kwa jiwe kama mtu anayesugua sufuria yenye ukoko, na baba wa binti niliyemtaka yumo ndani anaswali bila mimi. Ndiyo, mmesikia vizuri. Siku ya posa.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Watu wanavuka ziwa kutoka Zaire, wengine wanaingia kwa miguu kutoka Burundi, kambi zimejaa, na Kigoma mjini magari meupe yenye antena ndefu yalikuwa mengi kuliko mbuzi. Kila mwenye cheti alipata kibarua cha kuandika kitu fulani kwenye daftari: huyu anaandika magunia ya unga, yule anaandika ndoo, mwingine mablanketi. Mimi nilipata kuandika matone ya maji.

Nimesema msinikatize.

Mahema ya kambini yalikuwa yanavuja, watu wanalala wamesimama, basi shirika moja likaleta mhandisi kutoka Dar, mwanamke mfupi anayeitwa Eliza, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mtu asiyepandisha sauti hata siku moja (na hilo ndilo lililokuwa linatisha, kwa sababu bosi anayefoka unajua hasira yake imeishia wapi). Alikuja na makopo ya dawa ya kuzuia maji. Dawa yenyewe ilikuwa ya aina mbili: ya kwanza inanata na inanuka kama rangi ya kucha, ya pili nyeupe, nyepesi, kama uji wa mgonjwa. Unapaka ya kwanza, unasubiri kidogo, unapaka ya pili. Makopo yalikuwa machache, kwa hiyo kabla ya kuyapeleka kambini alitaka kujua ni kiasi gani kinatosha hema moja, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Kazi ilikuwa hivi. Kwenye ghala letu karibu na stesheni nilikuwa nakata kipande cha turubai upana wa kiganja, nakipaka dawa, kikikauka nakibana juu ya ubao. Halafu nachukua bomba la sindano, nadondosha tone moja, moja tu, si mawili, nawasha tochi upande huu, kivuli cha tone kinaanguka kwenye karatasi upande ule, nakuja na protrakta yangu ya shuleni napima ile pembe pale tone linapokanyaga kitambaa. Kwenye turubai kuukuu tone linalala bapa kama chapati. Kwenye turubai lenye dawa tone linasimama duara kama shanga, limegusa kitambaa kwa nukta tu, kama vile linaona kinyaa. Kisha nainua ubao upande mmoja polepole na kuandika umefika nyuzi ngapi tone likaanza kukimbia. Lile la turubai kuukuu nainua mpaka ubao unasimama wima na tone limeng'ang'ania palepale. Lile la dawa, jamani, hujainua, umewaza tu kuinua, limeshaondoka.

Niliipenda kazi ile hadi nikawa kero. Nyumbani Mwandiga nikinywa chai nadondosha tone kwenye jani la mgomba, kwenye jani la gimbi, kwenye meza, nainama natazama kwa jicho moja. Baba yangu mdogo Yusufu, mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa maneno kweli kweli, alikuwa akiniuliza mbele za watu, "Ehe, Hamisi, serikali imekuajiri uhesabu mvua?" Nami namjibu kwa dharau ya kisomi, "Sihesabu, baba mdogo. Napima."

Na pale ghalani ndipo nilipomwona Zuhura. Uani kulikuwa na akina mama na mabinti wa vyerehani walioshona mahema yaliyochanika, naye alikuwa mmoja wao, ana mikono myepesi, halafu ana kicheko cha kujizuia, anakibana mdomoni mpaka mabega yanatikisika. Alikuwa ananicheka mimi na tochi yangu. Nikasema moyoni, potelea mbali, binti anayenicheka kila siku ni bora nimwoe kabisa anichekee nyumbani. Nikamtuma baba mdogo Ujiji kwa baba yake.

Baba yake sasa. Mzee Mbaraka, fundi wa mitumbwi, karakana yake iko hatua chache tu kutoka ufukweni, mrefu, mkavu, anakutazama kama anayetafuta ufa kwenye ubao. Baba mdogo alirudi amekunja uso akasema, "Ego, ndiyo, amekubali tuje. Lakini anataka na wewe mwenyewe uje. Anataka mswali pamoja Alasiri." Nikasema kumbe hilo tu? Akaniambia nisicheze, kwa sababu mzee yule alishawarudisha vijana wawili, mmoja alikuwa anatia udhu mbio mbio kama anayefukuzwa na mbwa, na mwingine aliacha visigino vikavu. "Anasema mtu asiyejua kujiosha vizuri kwa dakika tano," akasema baba mdogo, "atamtunza vipi binti yake miaka hamsini?"

Mimi hilo halikunitisha hata kidogo. Udhu nilifundishwa na bibi yangu kwa fimbo. Kilichonitisha ni tope! Tulipangiwa Jumamosi, mvua za Machi zimekolea, kanzu ninayo moja, nyeupe, mpya, na kutoka barabarani hadi kwa Mzee Mbaraka ni tope jekundu mwanzo mwisho. Nikajiona ninaingia ukweni nimelowa, kanzu imenigandamana, pindo jekundu hadi magotini, na Zuhura nyuma ya pazia mabega yanamtikisika.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwangu. Nikajiambia, Hamisi, si wewe ndiye mtaalamu? Kidogo tu. Nani ataona?

(Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia, na kama ningekuwa na mtu wa kunizaba kofi saa ile ningemlipia nauli.)

Nikaingia, nikaitundika kanzu kwenye msumari, nikatafuta glovu, nikakuta zimebaki za mkono wa kushoto tupu. Mhandisi Eliza alishatuonya tangu siku ya kwanza kwamba dawa ile isiguse ngozi. Mimi nikadhani anamaanisha inaunguza. Nikagusa kidogo kwa kidole, haikuunguza, nikasema aa, mama yule ana woga wa kitaalamu, nikaanza kuipaka kanzu kwa viganja vyangu mwenyewe, ile ya kwanza ikichuruzika hadi kwenye viwiko, kisha ile nyeupe juu yake. Makubadhi niliyapaka nikiwa nimeyavaa, ili niokoe muda. Humo ndani joto, mabati yanawaka, jasho linanitoka, nikawa najifuta uso kwa mkono uleule. Kwa hiyo nilipomaliza, kanzu ilikuwa na dawa, na mimi nilikuwa na dawa mikono, miguu na uso, kama hema jipya.

Ilipokauka nikaimwagia kanzu kikombe kizima cha maji. Yakabiringika yote hadi chini, na hata unyevu haukubaki. Nilicheza peke yangu humo ghalani.

Basi tukashuka Ujiji, mimi na baba mdogo, tukaingia njia ya ufukweni, na mvua ikatukuta katikati, ile mvua ya kutoka ziwani inayokuja imelala upande. Baba mdogo alilowa ndani ya dakika moja. Mimi matone yalikuwa yananigonga na kuruka, yananishuka kama shanga zilizokatika uzi, tope likinirukia linateleza lenyewe, na watu waliojikinga chini ya mabati wakawa wananyoosha vidole. Baba mdogo akasimama katikati ya njia. Akanitazama, akajitazama, akanitazama tena.

"Hamisi, mvua hii inaninyeshea mimi peke yangu?"

Nikamwambia kanzu ni ya kitambaa kizuri. Akasema, "Na miguu yako je, nayo ya kitambaa kizuri?" Nikacheka na kutangulia mbele. Nilikuwa najisikia raha isiyo na kifani, nyie acheni tu.

Kwa Mzee Mbaraka tulikaribishwa barazani, tukampa shikamoo, tukaletewa kahawa. Mzee hakunipa mkono, alishika kwanza pindo la kanzu yangu, akalisugua kwa kidole gumba, akalikunjua, akalitazama kwenye mwanga.

"Imetoka wapi nguo hii, kijana?"

"Dar, mzee. Kariakoo."

Huo ndio uongo wa kwanza, nami nilidhani utakuwa wa mwisho.

"Mtu anauza kitambaa hiki Kariakoo?"

"Anauza, mzee, lakini... kinaisha haraka."

"Hiki kingefaa tanga," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, na nikasikia nyuma ya pazia kitu kama mtu aliyepaliwa. Zuhura alikuwa ameshajua. Alishashona mahema yale miezi mitatu, harufu ile ya rangi ya kucha anaijua kama anavyoijua sindano yake. Mimi nikadhani anacheka kwa furaha ya posa.

Muadhini akaadhini Alasiri. Tukainuka wote, mvua imekatika, tukaenda msikitini ambao ni jirani tu, na Mzee Mbaraka akachukua kopo la maji akanipa kwa mkono wake, akakaa kwenye jiwe mkabala na mimi, akaanza kutia udhu taratibu huku jicho lake moja liko kwangu. Nikatia nia, bismillahi, nikajimwagia maji viganjani.

Maji hayakukaa.

Yalijikusanya matone matone, manene, ya duara, yakakimbia juu ya viganja vyangu yakadondoka chini, mikono ikabaki mikavu kama vile sijafanya kitu. Na hapa niseme ukweli, na ndipo mtajua mimi ni mjinga wa aina gani: fikra yangu ya kwanza haikuwa ya udhu wala ya mkwe. Niliinamisha kichwa nikalitazama tone lililobaki kwenye kifundo kwa jicho moja, nikasema moyoni, mashallah, hii imepita turubai!

Halafu akili ikanirudia.

Nikamwaga tena. Yakakimbia. Nikajimwagia usoni, paji la uso likayarudisha yote, yakaniruka yakampata baba mdogo kifuani. Nikamwaga kwenye kiwiko, yakashuka mbio. Mzee Mbaraka alikuwa ameosha nusu ya uso wake na mkono umesimama hewani.

"Rudia," akasema.

"Narudia, mzee."

"Umerudia. Rudia tena."

Mzee mmoja aliyekuwa bombani akasogea, akainama, akatazama mkono wangu, akarudi nyuma hatua mbili. "Astaghfirullah," akasema kwa sauti ambayo walioko ndani waliisikia. "Maji yanamkimbia huyu!" Hapo wakatoka watu. Wakajaa. Kila mtu anataka nimwage tena aone, na mimi kwa heshima namwaga tena, yanakimbia tena, wanasema "Loh!" wote kwa pamoja, na mmoja akauliza kama nimewahi kuzama ziwani nikarudi.

Shehe mwenyewe akatoka, mtu mpole, akawatawanya kwa mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, umejipaka nini?"

Ningesema hapo, mkasa ungeishia hapo. Lakini Mzee Mbaraka amesimama, na Kariakoo nimeshaitaja.

"Mafuta tu, Shehe. Ngozi yangu kavu."

"Basi si tatizo," akasema Shehe, "mafuta yanatoka kwa sabuni. Ila unajua maji lazima yafike kwenye ngozi."

Nikaletewa kipande cha gwanji, ile sabuni yetu ya mawese inayoondoa hata masizi. Nikasugua. Povu likapatikana, zuri kabisa, jeupe, kisha likateleza likaniacha kama lilivyonikuta. Nikasugua kwa mchanga. Nikasugua kwa jiwe. Baba mdogo akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha kwenye dagaa, "Piga tayamamu, jipake vumbi, tumalize," na Shehe akasikia akamgeukia: "Tayamamu, mzee wangu, na maji yapo bombani?" Baba mdogo akajifanya anakohoa.

Ikakimiwa swala. Watu wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja ananitupia jicho mlangoni. Baba mdogo naye akaingia. Mzee Mbaraka alikuwa wa mwisho, akavua viatu. Nami nikabaki nje na jiwe langu. Nikasikia Allahu akbar, nikasikia nguo zinavyochakacha wakirukuu, na mimi nasugua kisigino, machozi yananilengalenga, kwa sababu nilimtaka yule binti jamani, msione nacheka sasa, nilimtaka kweli, na nilikuwa nimemwona baba yake anavua viatu kama mtu aliyekwisha kuamua.

Walipotoka nilikuwa nimeamua. Mzee Mbaraka alikaa kwenye ngazi, wenzake wakamzunguka, nikasema, "Mzee, si mafuta. Ni dawa ya kuzuia maji, ya pale ghalani ninapofanya kazi. Nimepaka kanzu isichafuke, ikanipata na mwili. Na Kariakoo sijawahi kufika."

Nilitegemea matusi. Badala yake mzee yule aliyerudi nyuma pale bombani akauliza, "Dawa? Inafanyaje kazi?" Na mimi, eti, nikaona mlango wa kutokea. Nikashika kopo la maji, nikanyoosha mkono, nikadondosha tone moja, nikaanza kuwafundisha! Angalieni hapa tone linapokanyaga ngozi, pembe hii ndiyo tunayopima, ikiwa ndogo maji yamekubali, ikiwa kubwa maji yamekataa, sasa nikiinamisha mkono hivi, tazameni, halisubiri. Wazee wakachuchumaa. Mzee Mbaraka mwenyewe, fundi wa mitumbwi, alitoa miwani yake akaivaa, akashika mkono wangu akawa anauinamisha yeye mwenyewe, tone linaenda huku, linarudi kule, akauliza kama dawa inashika kwenye mbao, kama inastahimili jua, na mimi najibu, nimesimama kama mwalimu mkuu, nikaona kabisa mambo yananyooka. Baba mdogo akaanza hata kusema, "Huyu ndiye kijana wetu, mtaalamu."

Mzee Mbaraka akauachia mkono wangu.

"Na dawa hii imeletwa Kigoma kwa kazi gani?"

"Ya mahema, mzee."

"Mahema ya nani?"

"Ya wakimbizi. Kule kambini."

"Ipo nyingi?"

"Hapana, mzee. Makopo machache. Ndiyo maana tunapima."

Akavua miwani, akaikunja.

"Kwa hiyo kanzu hii uliyovaa ni hema la nani?"

Jamani. Nikalitazama pindo la kanzu yangu.

"Nyuma ya karakana yangu," akasema, tena bila kufoka, "kuna mama amevuka ziwa na watoto watatu. Juu yao nimewawekea nailoni, inavuja kwenye pembe, usiku wanahamahama. Na wewe unakuja kwangu mkavu kuniomba binti." Akainuka. "Vua."

Baba mdogo akasema, "Mzee mwenzangu, kijana bado..." Mzee Mbaraka akarudia, "Vua."

Nikaivua kanzu mbele ya msikiti, nimebaki na fulana iliyotoboka kwapani na suruali ya ndani ya kanzu ambayo sikutegemea iangaliwe na mtu. Nikapewa msuli wa zamani wa fundi, una madoa ya lami. Kanzu ikapelekwa nyumbani, na aliyeifumua, mshono kwa mshono, mpaka ikawa kitambaa kimoja kipana, alikuwa Zuhura, naye safari hii hakucheka (baba mdogo ndiye aliyeona, mimi nilikuwa natazama chini). Akaishonea kwenye ile nailoni, juu ya pembe iliyokuwa ikivuja. Mikono ya kanzu aliiacha, nafikiri kwa makusudi, ikawa inaning'inia huku na huku.

"Nenda nyumbani," akaniambia Mzee Mbaraka. "Maji yakikukubali, urudi."

Mvua ilirudi tukiwa njiani, na watu walewale waliokuwa chini ya mabati walikuwa bado wapo.

Jumatatu nilikwenda kwa Mhandisi Eliza kabla hajaniita. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akavaa miwani, akasema, "Mikono." Nikanyoosha. Akachukua bomba la sindano akadondosha tone, akawasha tochi, akapima, akaandika. Kisha akanipa kalamu: "Andika mwenyewe. Kanzu moja, makubadhi jozi moja, mtu mmoja. Utie sahihi." Nikaandika. Kila asubuhi akawa ananipima mbele ya kina mama wa vyerehani, mpaka siku tone lilipolala bapa likaloweka ngozi yangu, na siku hiyohiyo akanipandisha lori la kambini, nikapake mahema. Nilipaka mahema hadi mvua zikaisha, nikiwa na glovu mbili, ya kulia na ya kushoto, na kila kopo nililikung'uta hadi tone la mwisho.

Nilirudi Ujiji na baba mdogo, nimevaa shati. Mzee Mbaraka hakunikaribisha barazani. Alinisimamisha uani, akachota maji kwa kata, akanishika kifundo cha mkono kama siku ile, akanimwagia kutoka kwenye kiwiko. Maji yakaenea, yakalowesha ngozi, yakatiririka polepole kama yanavyotiririka kwa binadamu wote. Akamwaga tena mkono wa pili. Akaangalia hata visigino.

"Haya," akasema. "Ingieni tuongee."

Nyuma ya pazia nikasikia kicheko kile, na safari hii hakikubanwa.

Lakini si hapo panaponiuma nikikumbuka. Tulipomaliza maongezi na posa ikapokelewa nilitoka nje kupunga upepo, nikapita nyuma ya karakana, nikamkuta yule mama anasafisha dagaa, na juu yake kanzu yangu imetandazwa kwenye nailoni, mikono inapepea. Akaniona, akasimama, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Ni wewe ulitupatia nguo ya paa?" akauliza kwa Kiswahili chao cha ng'ambo. "Mzee aliniambia ni kijana anataka kumuoa Zuhura. Aksanti sana, papa. Mungu akubariki. Watoto wanalala."

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, kwamba sikutoa, nilivuliwa, na kwamba hata hiyo dawa ilikuwa yake kabla haijawa yangu. Nikaishia kutazama chini. Akanitazama, akaiona haya yangu, akadhani ni upole.

"Na wewe siku ile ulirudi kwenu namna gani bila nguo? Mvua haikukunyeshea?"

"Ilininyeshea, mama."

"Pole," akasema. "Pole sana."

Akanipa pole. Yeye, mimi. Kwa hiyo mkiniona njiani mvua imenikuta na sikimbilii chini ya bati la mtu, msiniite, msinipe mwamvuli, wala msiniulize nina nini. Niacheni nilowe.